Nani Ameshika Breki?

Mkitaka kumjua rubani, vijana wangu, msihangaike na uso wake. Uso wa rubani umefundishwa. Utaona miwani, utaona tabasamu, utaona utulivu hata kama moyo unamwenda mbio. Mwangalieni miguu! Mimi miguu ya marubani nimeitazama miaka kumi na moja mfululizo, nimechuchumaa nyuma ya viti vyao na bisibisi mkononi, na nawaapia, miguu haijui kudanganya.

Najua mnavyonicheka. Mnasema Babu Bacar akianza habari za breki, chai inapoa. Basi inyweni kwanza, kisha mnisikilize. Kila alasiri mnakuja hapa kwangu Palma, mnaitua ndege kubwa ya abiria kwenye kompyuta yangu kuukuu, na mkishatua mnaanza ugomvi uleule: breki za otomatiki au breki za mguu? Huyu anasema mashine ina akili kuliko mtu. Yule anasema rubani asiyekanyaga breki mwenyewe ni abiria tu aliyevaa shati jeupe. Mnapiga kelele mpaka Bi Atija, mke wangu, anatoka jikoni kuuliza kafa nani. Leo nimeamua kuwajibu kwa maandishi, maana kwenye karatasi hamwezi kunikatiza.

Nianze na Mestre Lucas, bila yeye nisingejua lolote. Mestre ndivyo tulivyowaita mafundi wakuu. Alikuwa Mmakonde wa Mueda, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, na masikio yake yalisikia kila kitu isipokuwa udhuru. Nilipofika Maputo kutafuta kazi, kampuni moja ya ndege ilinipeleka kwenye karakana yake ya magurudumu na breki. Nilikuwa kijana wa pwani, ninayejua kuogelea na kupika pweza, basi. Nikapewa ovaroli kubwa kuliko mimi na nikaambiwa nisiguse kitu.

Wiki ya kwanza tu nikagusa. Ndege moja ilitua kwa haraka, rubani akazikamua breki kisawasawa, na ilipofika kwenye maegesho magurudumu yalikuwa yanatoa moshi. Mimi nikaona moshi, nikawaza moto, nikawaza maji. Nikakimbilia ndoo. Nilikuwa nimebakiza hatua tano hivi niimwage nilipopigwa kikumbo na mtu, ndoo ikaruka huku, mimi nikaangukia kule.

"Wewe mtu wa pwani, unataka kutuua?" Mestre Lucas alikuwa juu yangu, anahema. "Chuma kimeiva kama kaa, unakimwagia maji ya baridi, si kitapasuka? Na hilo tairi limejaa upepo! Litakurusha mpaka kwenu Palma bila tiketi, pá!"

Kisha akanishika ukosi akanionyesha jinsi mtu anavyolisogelea gurudumu lenye moto: kwa mbele au kwa nyuma, kamwe si kwa ubavuni, maana likipasuka vipande hurukia ubavuni. Akanikalisha mbali nalo, juani, nikalisubiri lipoe. Nilikaa zaidi ya saa nzima. Abiria walikuwa wamekwisha kufika makwao na kula, mimi bado nalitazama gurudumu. Ndipo nilipoelewa kwamba rubani akibonyeza breki kwa sekunde ishirini, kuna mtu mwingine atazilipa zile sekunde ishirini kwa muda mrefu sana.

Nikakaa karakana hiyo miaka mingi, nikawa mestre mwenyewe. Halafu siku moja wakaniita kwenye simulador. Hiyo ni mashine ya mazoezi, chumba kilichojengwa sawasawa na pua ya ndege, chenye viti, vioo na vitufe vyote, ambamo rubani anaruka na kutua bila kuondoka chini. Shida yao ilikuwa pedali. Kila wiki springi zilikuwa zinalegea kwa sababu ya mikanyago ya mabwana wakubwa. Mkuu wa mafunzo akasema, mwiteni yule wa breki. Nikaenda kutengeneza springi mbili, sikurudi karakana tena.

Oh, niliipenda kazi ile! Asubuhi naingia nikijua kwamba nitaona ndege ikitua mara thelathini, kwenye mvua, kwenye ukungu, kwenye upepo wa ubavuni, na mchana hakuna aliyekufa. Na mimi nyuma kule, macho kwenye miguu.

Sasa tuingie kwenye ugomvi wenu. Pedali za ndege mnazijua: ukiisukuma pedali yote kwa sehemu yake ya chini, unaielekeza pua ya ndege kushoto au kulia. Ukibonyeza sehemu ya juu kwa vidole, unashika breki. Kazi mbili, pedali moja. Hilo mlishike, litawarudia baadaye. Otomatiki nayo ni swichi: moja, mbili, tatu, na ile ya mwisho kabisa. Unachagua kabla ya kutua. Magurudumu yakigusa chini na kuanza kuzunguka, breki zinajishika zenyewe, wala huhitaji mguu.

Ila wengi wenu mnadhani ile namba ni nguvu ya breki. Siyo! Ile namba ni jinsi mwendo utakavyopungua. Umeiambia ndege, nipunguzie mwendo kwa kiasi hiki, basi. Ukizifungua injini zipulize upepo kwa mbele kuizuia ndege, mwendo tayari unapungua kwa injini, kwa hiyo breki zinapumzika. Ndiyo maana mkiweka namba moja na injini mmezifungua zote, mnaanza kulia, "Babu, hazishiki!" Zinashika kadiri ya haja. Mashine haina papara kama nyinyi.

Na kwa mguu? Hapo ndipo niliwajua marubani mmoja mmoja. Kulikuwa na wapiga ngoma, wanaokanyaga na kuachia, kanyaga achia, kama dereva wa lori bovu anayepampu breki mlimani. Ndege kubwa ina kifaa chake kinachozuia gurudumu lisiserereke kwenye maji, na ukikipigia ngoma unakivuruga. Kulikuwa na waliolalia, ambao vidole vyao vilikuwa juu ya breki tangu angani, ndege inagusa chini breki zimeshikwa tayari. Hao walinimalizia springi. Na kulikuwa na wakamuaji, wachache, wanaobonyeza taratibu mguu wa kulia na wa kushoto sawasawa kama mama anayekamua tui, wakishabonyeza hawaachii mpaka ndege iwe inatembea. Mkamuaji mmoja akiingia, siku nzima nilikuwa na furaha.

Sasa sikilizeni kisa cha Masharubu. Hilo si jina lake, nilimwita hivyo mimi kwa sababu ya masharubu yake meupe. Alikuwa komandante, yaani rubani mkuu, wa zamani, mtu wa mguu, asiyetaka hata kuisikia otomatiki. "Mimi si abiria," ndivyo alivyosema. Kijana wake wa kiti cha kulia, rubani msaidizi, alikuwa kinyume chake, hajawahi kutua bila swichi. Wakabishana wee, mpaka wakawekeana kuku wa kuchoma. Pista, yaani barabara ya kutulia ndege, ikawekwa maji kwenye mashine. Masharubu akatua kwa mguu. Kijana akatua kwa otomatiki, na akasimama mapema kuliko mzee, tena kwa mbali.

Masharubu akageuka, akaninyooshea kidole. "Springi za huyu fundi ni mbovu!"

Epa, damu ilinichemka! Mtu anitukane mimi kwa habari ya breki? Nikamletea karatasi iliyochorwa na mashine. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umechelewa kuliko wa kulia, na yote miwili ilisubiri sekunde kadhaa baada ya kugusa chini, wakati otomatiki ilianza mara moja. Aliitazama ile karatasi kwa muda, kisha akacheka na kunipa mkono. Lakini mwalimu wao hakumwacha kijana atambe. Alimwambia atue tena, swichi ikiwa imezimwa. Kijana akapiga ngoma ya ajabu, ndege ikayumba, ikatoka pembeni kwenye majani. Kuku tulimla mimi na mwalimu.

Baada ya siku ile mwalimu akaweka sheria katika chumba kile. Ndege ikigusa chini, lazima mtu aseme kwa sauti nani ameshika breki, mashine au mguu. Na ikibadilika, aseme tena. Vijana wangu, otomatiki na mguu vyote ni vizuri. Kinachozamisha watu ni ile nafasi ya katikati, mashine imeshaachia na mtu bado anadhani inashika.

Nikastaafu, nikarudi nyumbani Palma. Ile miaka ya kukimbia vita ikatupata kama ilivyowapata nyote, tukarudi tena. Mpwa wangu wa Pemba, mji wa mkoa wetu na si kile kisiwa, akaniletea kompyuta yenye mchezo wa kurusha ndege, akidhani ananipa kitu cha kupitisha muda. Kupitisha muda! Siku ya pili nilikuwa nimevunja kitanda cha zamani, nimepata mbao. Nikafunga pedali kwa bawaba za mlango, nikaweka springi za stendi ya pikipiki, na chini ya kila pedali nikatia kile kidude cha kuongezea sauti kutoka kwenye redio mbovu. Ukikanyaga, kidude kinazunguka, kompyuta inajua umekanyaga kiasi gani. Mnaopiga picha pedali zangu mkaziweka kwenye simu, jueni kwamba mnapiga picha kitanda changu cha ndoa.

Bi Atija alikuwa na sharti moja. Chumba kile ndicho anachoswalia, mkeka wake uko pale. "Rusheni ndege zenu mpaka mchoke," alisema, "lakini kiatu kiishie mlangoni." Sote tukaona ni jambo la kawaida, nani huingia kwa watu na viatu? Ndivyo mlivyojifunza nyote, miguu mitupu, kandambili zimerundikana nje. Na mimi nilifurahi kwelikweli. Mguu mtupu unaihisi pedali, vidole vinajua kila kitu. Sharti langu mimi lilikuwa lile lingine, la kwamba anayeweka swichi ya mwisho kabisa bila sababu anakaa nje na Bi Atija kumenya muhogo saa nzima, mpaka breki zake zipoe. Mnalichukia, lakini mmejifunza.

Kati yenu nyote hapakuwa na mguu kama wa Muanaidi. Wadogo hamkumkuta, kwa hiyo niseme: ni binti wa Muanashaa, yule mwuza vitumbua wa njia ya kuelekea Tungue. Alikuja mara ya kwanza kumwita mdogo wake aende kula, akasimama mlangoni, akauliza, "Babu, mbona anapiga breki kama anaua mende?" Nikamwambia akae yeye. Mara ya tatu tu alikuwa anakamua! Kushoto na kulia sawasawa, bila kufundishwa. Nilimwita Bi Atija aje aone.

Miaka mitatu hakukosa. Halafu ukaja ule mtihani. Shule moja ya urubani ya kusini ilitangaza kwamba itachukua mwanafunzi mmoja kutoka mkoa wetu na kumsomesha mpaka mwisho, na mtihani utafanyika Pemba, kwenye simulador iliyobebwa ndani ya kontena. Umri wa juu wa kuingia ulikuwa umeandikwa, na Muanaidi alikuwa ameufikia. Asipopita mwaka ule, basi tena. Na vitumbua vya mama yake visingemfikisha kwenye shule yoyote ya kurusha ndege, hata kwa miaka ishirini.

Muanashaa akaniomba nimsindikize. Kwa fahari akamnunulia mwanawe viatu vipya kwa wachuuzi wa Namoto kule mpakani, vya ngozi nyeusi, vimetoka Mtwara, soli nene kama mkate. "Mwanangu hatasimama mbele ya makomandante na kandambili," alisema. Nikavisifu. Mimi, mtu wa miguu, nikavisifu viatu vile kwa mdomo wangu mwenyewe!

Safari ya Pemba ya siku hizi mnaijua wenyewe. Tulifika. Mtahini alikuwa komandante mwanamke, Dona Celeste, mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi na sauti ya chini. Nilipomwambia niliwahi kutunza mashine kama ile, akanipa kiti cha pembeni ndani ya kontena, kwa sharti moja. "Mestre, ukitoa neno moja, msichana ameshindwa. Está bem?" Nikakubali.

Akapita mbele yangu kwenda kwenye kiti chake, na kama kawaida yangu nikamtazama miguu. Viatu vyake vilikuwa na soli nyembamba, unaweza kuikunja kwa mkono. Nikatazama soli za Muanaidi. Miaka mitatu nilimfundisha bila kiatu! Vidole vyake vilizoea kuhisi pale pedali inapogeuka kuwa breki. Ndani ya ule mkate hakuna kidole kinachohisi chochote. Nikafungua mdomo, nikakumbuka, nikaufunga.

Kutua kwa kwanza kulikuwa kwa otomatiki. Pista fupi, yenye maji, upepo kutoka kushoto, swichi namba tatu. Alikuja vizuri sana, nataka mjue hivyo, pua imenyooka, magurudumu yakagusa palepale panapotakiwa. Taa ikaonyesha otomatiki inashika. Upepo ukaisukuma ndege, akasukuma pedali kuinyoosha, kama tulivyofanya mara elfu. Na hapo nikaiona pua ya kile kiatu ikiegemea juu ya pedali. Aliikanyaga breki bila kujua. Na otomatiki, ikihisi mguu wa rubani juu ya breki, hujitoa yenyewe, inadhani rubani amechukua. Taa ya njano ikawaka. Muanaidi alikuwa akitazama mbele, akishughulika na upepo, akiingoja mashine impunguzie mwendo.

Hakuna aliyeshika breki. Mimi nilijua, Dona Celeste alijua, yeye hakujua. Jamani! Niliuma kiganja changu mpaka kikatoa alama. Alipohisi mwendo haupungui na kukanyaga, pista ilikuwa imekwisha. Ndege ikapita mistari ya mwisho, ikaingia kwenye majani, ikasimama imeinamisha pua.

Dona Celeste akauliza kwa Kireno, "Nini kimetokea?"

Ndani yangu nilikuwa nalia kama mtoto, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Na nilijua jibu ambalo wengi hutoa, nililisikia miaka kumi na moja: springi mbovu, mashine mbovu, fundi mbovu. Muanaidi alitazama taa ya njano. Akatazama miguu yake.

"Kiatu changu kimekanyaga breki nilipokuwa nanyoosha pua," alisema. "Otomatiki imejitoa, na mimi sikuitazama taa. Nimengoja kitu ambacho hakikuwepo."

"Mashine ilikuwa nzima?"

"Nzima, Dona."

Dona Celeste akaandika kitu. "Umebakiwa na kutua mara moja tu. Otomatiki au mguu, chagua mwenyewe."

Mguu! Nilikuwa napiga kelele kichwani. Mguu, mwanangu, mguu! Chagua mguu, uwaonyeshe hawa, hakuna anayekamua kama wewe!

"Otomatiki," akasema Muanaidi. "Namba ileile, upepo uleule, na maji yaleyale."

Hata Dona Celeste alishangaa. "Kwa nini?"

"Bado sijaiona ikifanya kazi mimi nikiwa nimevaa viatu. Nataka kujua kama nimeelewa." Kisha akaomba dakika moja. Akavuta kiti nyuma kidogo, akashusha visigino mpaka vikakaa sakafuni, pua za viatu zikawa kwenye sehemu ya chini kabisa ya pedali, mbali na breki. Akasukuma kushoto, akasukuma kulia, akitazama miguu yake mwenyewe kama mtu anayejifunza kutembea. Hakuna aliyemfundisha hilo, na mimi ndiye niliyepaswa kumfundisha.

Akaja tena. Akagusa chini. Upepo ukasukuma, akasukuma pedali kwa pua za viatu kulekule chini, na taa ya otomatiki ikabaki palepale. Inashika! Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti. Ndege inapunguza mwendo vizuri, laini, na mimi nikaanza kupumua. Ndipo nikauona mkono wa Dona Celeste ukienda kwenye kitufe. Nakijua kitufe kile, nimekitengeneza mara nyingi. Ni cha kuiharibu otomatiki kwa makusudi.

Akabonyeza. Taa ya njano ikawaka katikati ya pista, kwenye maji, mwendo bado mkubwa.

"Imetoka! Nashika mimi!" Muanaidi alipiga kelele kwa Kiswahili, Kireno chote kimemkimbia, na miguu yake ilikuwa imeshapanda. Akakamua. Na viatu vile! Hakupiga ngoma, hakuyumba, kushoto na kulia sawasawa, akabonyeza, akashikilia. Nilihesabu mistari inayopita kwenye kioo, ikapita polepole, ikapita polepole zaidi, kisha ukabaki mmoja pale mbele, hauji. Ndege imesimama, na mbele yake kuna pista ya kutosha kucheza mpira.

Muanaidi alikuwa bado amekanyaga.

Dona Celeste akanigeukia. "Mestre, sasa una ruhusa. Amesema nini pale taa ilipowaka?"

"Amesema mashine imeachia," nikamwambia. "Amesema ameshika yeye."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye karatasi zake, akaandika kwa muda mrefu. Uso wake haukuonyesha kitu, uso umefundishwa ule, na miguu yake ilikuwa chini ya meza, siwezi kuiona. Muanaidi akafungua mkanda, akasimama, akanitazama kwa macho ya mtu anayengoja kupigwa.

"Namba ya kiatu chako ni ngapi?" akauliza Dona Celeste, bila kuinua kichwa.

Muanaidi alidhani anagombezwa. "Nisamehe, Dona. Mama ndiye aliyevinunua, hakujua. Ni thelathini na nane."

"Thelathini na nane," akarudia Dona Celeste, akaijaza kwenye fomu ya sare. "Vya soli nyembamba utavikuta shuleni."

Hapo, vijana wangu, nilipiga kigelegele. Ndiyo, mimi, mwanamume mzima, babu wa watu, nilisimama ndani ya lile kontena nikapiga kigelegele kama shangazi kwenye harusi, mpaka askari wa getini akaja mbio. Dona Celeste alikuwa anacheka. Na Muanaidi alikuwa amenishika mkono, ananivuta, ananiuliza kwa nini wanataka namba ya kiatu chake.